Mzee Hatoki Nje Tena: Ni Uzee, au Ni Macho?

"Mbona mama siku hizi hataki kutoka?" Ndugu waliotawanyika mijini huulizana hivyo kwa simu, kila mmoja akisimulia alivyomkuta mzazi alipokwenda kumjulia hali. Mama ambaye hakukosa msiba wala harusi sasa ana udhuru kila mara. Kikundi cha kuweka na kukopa amekiacha. Ibadani anakwenda kwa nadra, na akienda huwahi kuondoka. Akisalimiwa njiani hujibu kwa mashaka, au hupita kimya, hata majirani wameanza kusema amepata maringo ya uzeeni. Nyumbani anashinda amekaa, chakula anakidonoa, usiku usingizi haumjii. Mmoja wa ndugu atasema ni umri. Mwingine atasema tangu baba afariki mama hajarudi sawa. Wa tatu atanong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Anayeuliza kama mama bado anaona vizuri ni nadra kumpata, na mama mwenyewe hatalisema, kwa kuwa naye anaamini macho ya mzee hufifia tu na hakuna la kufanya.

Sura hii inatetea hoja moja. Mzee anapopoteza hamu ya maisha, macho yake yachunguzwe mapema, kabla mtu yeyote hajatoa hukumu kwamba ni uzee. Wengi wakisikia hivyo hudhani maana yake ni kwamba kutoona kunahuzunisha, jambo ambalo halihitaji kitabu. Ushahidi unasema kitu mahususi zaidi: kinachomwangusha mzee ni kazi, mazungumzo na maamuzi ambayo macho mabovu humpokonya, moja baada ya jingine. Na mara nyingi sana wanaomalizia kumpokonya ni watu wanaompenda.

Tuelewane kwanza

Sonona, ambayo Kenya wengi huiita unyogovu, ni ugonjwa unaomwondolea mtu furaha na hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, kiasi cha kuvuruga usingizi wake, ulaji wake, nguvu zake na hata uwezo wake wa kufikiri. Huzuni ya kawaida ina vipindi: mfiwa analia asubuhi, na jioni anaweza kucheka akikumbuka vituko vya marehemu. Sonona haimpi mtu nafasi hiyo. Kwa wazee ina tabia mbaya ya kujificha. Wengi hawalii na hawasemi kwamba wana huzuni; wanalalamika mgongo, tumbo, uchovu na kichwa kizito. Wanapewa vidonge vya maumivu, wanarudi nyumbani, na baada ya wiki chache wanakwenda tena na malalamiko yale yale.

Uoni hafifu ni hali ya kutoona vya kutosha kwa shughuli za kila siku. Watu hufikiri kuna pande mbili tu, kipofu na anayeona, ilhali wazee wengi wako katikati: anaona mti, haoni jani, anaona mtu amesimama mlangoni, haoni ni nani. Sababu kubwa ni chache. Ya kwanza ni jicho kushindwa kuona karibu, hali inayompata karibu kila binadamu kuanzia miaka ya arobaini, lenzi ya jicho inapokakamaa. Ya pili ni mtoto wa jicho, yaani lenzi hiyo hiyo kuingia ukungu, mtu akawa anatazama dunia kama kupitia kioo cha dirisha kilichopigwa na mvuke. Ya tatu ni glakoma, au presha ya macho, inayoharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo na kula uoni wa pembeni kimyakimya, bila maumivu. Kisha kuna kisukari kinapoharibu retina, ambayo ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kuna retina kuchakaa kwa umri, mtu akapoteza kitovu cha anachokitazama huku pembeni akiendelea kuona.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Idadi kubwa ni watu waliovuka miaka 50. Kwetu hali haina tofauti. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, ulikuta kwamba takriban watu 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na kuendelea hawaoni vizuri karibu, na waliokuwa na miwani ya kuwasaidia walikuwa wachache mno. Miwani hiyo ni kati ya vifaa vya tiba vya bei nafuu kuliko vyote.

Takwimu zinasema nini hasa

Mwaka 2021 watafiti walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa katika kliniki za macho za nchi mbalimbali na kuzijumlisha. Waliona kwamba katika wagonjwa wenye uoni hafifu, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na sonona au dalili zake. Fikiria benchi la kliniki lenye wagonjwa wanane wa aina hiyo wanaosubiri kupimwa: wawili wana ugonjwa wa pili ambao hakuna atakayewauliza habari zake, kwa sababu wamekuja kwa ajili ya macho.

Utafiti mwingine, wa Marekani, unastahili kutazamwa kwa makini zaidi kwa kuwa ndani yake kuna jambo lisilotarajiwa. Ulitumia taarifa za watu wazima zaidi ya 10,000 zilizokusanywa kati ya mwaka 2005 na 2008. Katika wale waliosema macho yanawazuia kufanya shughuli zao, asilimia 11.3 walikuwa na sonona. Katika wale ambao hawakuwa na kizuizi hicho, asilimia 4.8. Tofauti ni zaidi ya mara mbili. Lakini washiriki hao walipimwa pia kwa vipimo vya kitaalamu vya uwezo wa jicho, na hapo, baada ya watafiti kuzingatia umri, kipato na magonjwa mengine, uhusiano na sonona ulipungua mpaka haukuweza kuthibitishwa. Yaani kipimo cha jicho hakikutabiri sonona. Kilichoitabiri ni jibu la mtu kuhusu maisha yake: macho yangu yananizuia kufanya hiki na kile.

Mwenye haraka anaweza kusema basi hakuna uhusiano, watu wenye sonona hulalamika tu. Pingamizi hilo lina uzito na tutalirudia. Lakini upo ufafanuzi mwingine unaoshikamana na mambo mengine yote tutakayoyaona. Wazee wawili wanaweza kusoma mstari ule ule kwenye chati ya hospitali, mmoja akawa fundi cherehani na mwingine mchungaji wa ng'ombe. Macho yao yanalingana, ila wa kwanza amepoteza riziki, jina lake mtaani na sababu ya watu kupiga hodi kwake, na wa pili anaendelea kuswaga ng'ombe wake. Chati haijui jambo hilo, na kwa hiyo haiwezi kuwa mwamuzi wa mwisho.

Siku ya mzee inavyopunguzwa

Tuifuate siku yenyewe. Kwa jamii zetu inaanza na salamu, na salamu inadai macho. Mtu anapotokea njiani lazima umtambue kwa mbali: ni mkubwa wako au mdogo wako, unamwamkia au unasubiri akuamkie, ni mtani, mkwe, au mtu ambaye mwezi jana alifiwa na hujampa pole. Mzee asiyetambua nyuso anakosea hatua zote hizo. Anampita mkwewe. Anampokea kijana kwa heshima ya mzee mwenzake, na watoto wanacheka. Baada ya aibu kadhaa anagundua kwamba kuna njia moja ya kutokosea tena, nayo ni kutokutana na watu. Majirani wanaona maringo. Yeye anajikinga na fedheha. Sidhani kama kuna hatua inayopoteza watu wengi kwa haraka kuliko hii, na inatokea mapema, wakati mzee bado anatembea bila fimbo na hakuna mwanafamilia aliyewahi kumwita mtu mwenye matatizo ya macho.

Kisha ije fedha. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, pesa ya mzee imehamia kwenye kioo kidogo cha simu. Asiyeweza kusoma ujumbe anamwita mjukuu. Mjukuu anasoma kiasi, anajua nani ametuma na nani hakutuma, na kwa kuwa bibi haoni tarakimu vizuri, anapewa na namba ya siri. Wajukuu wengi ni waaminifu. Hata hivyo bibi ambaye kwa miaka arobaini alijua mwenyewe alichofunga kwenye pindo la kanga yake sasa hawezi kutoa sadaka, kumpa mtoto wa jirani nauli, au kukataa kumkopesha ndugu, bila mtu wa tatu kujua. Huo ni uhuru uliopotea, na hauonekani kwenye orodha ya magonjwa.

Zipo kazi za mikono: kuchambua mchele, kutunga uzi kwenye sindano, kusuka ukili, kukagua dengu kama zina mawe. Kwa kijana ni kazi ndogo. Kwa mwanamke wa miaka 70 ndizo alizobaki nazo baada ya jembe na mtungi kumshinda, na ndizo zinazompa kiti katikati ya nyumba, penye mazungumzo. Kuna kusoma Kurani au Biblia, ambako kwa wazee wengi ni nguzo ya siku. Kuna kutembea: mtaro usioonekana na ngazi isiyopimika humfanya mtu aogope kuanguka, na anayeogopa kuanguka hupunguza hatua, misuli ikalegea, akawa na sababu halisi ya kuanguka.

Hapo ndipo upendo wetu unapoingia na kuharibu. Bibi amepasua kikombe, au amemwaga mafuta, au ameacha mawe kwenye wali. Hakuna anayemgombeza, anaambiwa kwa upole, "Kaa tu bibi, tutakufanyia." Wiki ya kwanza ni pumziko. Mwezi wa tatu hana analolifanya toka asubuhi hadi jioni isipokuwa kuhudumiwa, na katika jamii ambayo heshima ya mkubwa inatokana na anachotoa, kuwa mpokeaji tu ni kushushwa cheo. Wataalamu wa afya ya akili wamejua kwa miaka mingi kwamba mtu aliyekosa shughuli zenye maana hukosa pia vile vifuraha vidogo vinavyomsukuma afanye shughuli nyingine, akazidi kujikunja. Macho yalianzisha mzunguko huo, na familia imeuendeleza kwa nia njema kabisa.

Mwanga, usingizi, na watu wasiokuwepo

Zipo njia nyingine mbili zinazounganisha jicho na moyo, na tutazipitia kwa haraka zaidi. Jicho lina kazi ambayo haihusu kuona: chembe fulani za retina hupokea mwanga na kuuarifu ubongo kwamba sasa ni mchana, ili saa ya ndani ya mwili ijue wakati wa kuamka na kulala. Lenzi iliyozeeka na kuwa ya njano huzuia sehemu ya mwanga huo, hasa wa buluu. Ukiongeza kwamba mzee huyu anashinda chumbani penye giza, si ajabu usingizi wake ukaharibika, na usingizi mbovu ni jirani wa karibu wa sonona.

Njia ya pili inatisha zaidi na inazungumzwa kidogo mno. Mwaka 1760 msomi wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, aliyekuwa na miaka 89 na macho yaliyoharibiwa na mtoto wa jicho. Mzee huyo, akili zake zikiwa timamu, alikuwa akiona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwepo. Leo hali hiyo inaitwa kwa jina la Bonnet. Ubongo uliozoea kupokea picha, unapoacha kuzipata, hujitengenezea zake: nyuso, watoto, mapambo, wanyama. Kwa kawaida picha hizo hazisemi kitu, na anayeziona hujua, au huelewa akielezwa, kwamba si kweli. Hali hiyo haina uhusiano na wazimu. Lakini hebu fikiria bibi anayeona watoto wasiojulikana wamekaa kwenye mkeka wake. Akisema, ataambiwa amechanganyikiwa, au atatafutiwa mganga wa kupunga majini. Asiposema, atabeba hofu hiyo peke yake. Wengi huchagua kunyamaza. Kumweleza tu mzee kwamba jambo hili linajulikana na linatokana na macho ni tiba kubwa, na haigharimu shilingi.

Kwa ufupi, hadi hapa: uoni hafifu na sonona huonekana pamoja mara nyingi; kinachovifunga zaidi ni shughuli zinazokatizwa; usingizi mbovu, hofu na aibu huongeza uzito.

"Hayo yote yanaweza kuwa ni uzee"

Pingamizi la kwanza ni la mtu makini: mvi na mikunjo huonekana pamoja pia, na mvi hazisababishi mikunjo. Umri, kisukari, umaskini na upweke huharibu macho na pia huleta sonona, kwa hiyo huenda vitu viwili hivi ni watoto wa mama mmoja. Kuna njia moja nzuri ya kuamua ugomvi huo: tengeneza macho ya baadhi ya watu, wengine wasubiri, halafu linganisha. Hilo limefanyika. Mjini Nottingham, Uingereza, wanawake 306 wenye zaidi ya miaka 70 na mtoto wa jicho waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji ndani ya takriban wiki nne. Jingine lilisubiri foleni ya kawaida ya mwaka mzima. Matokeo yalitolewa mwaka 2005. Waliopasuliwa mapema walianguka kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 34, na pamoja na hayo wasiwasi ulipungua, sonona ilipungua, shughuli na kujiamini vikaongezeka. Umri wao haukubadilika. Kilichobadilika ni lenzi.

Miaka miwili baadaye ilitolewa taarifa ya jaribio la Birmingham, katika jimbo la Alabama, Marekani, lililohusu wakazi wa nyumba za kutunzia wazee. Hawa hawakupasuliwa, walipimwa na kupewa miwani. Waliopata mara moja walilinganishwa na waliosubiri miezi miwili, na katika muda huo mfupi wenye miwani walikuwa na dalili chache za sonona, wakisoma zaidi na kuchangamana zaidi na wenzao. Miwani, kumbuka. Hapakuwa na dawa ya akili wala mshauri nasaha.

Pingamizi la pili linageuza mshale: je, si sonona inayomfanya mtu aone macho yake ni mabovu? Kwa sehemu ni kweli. Utafiti uliofuatilia Wamarekani wenye miaka 65 na kuendelea, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta njia inapitika pande zote: uoni mbaya ulitangulia sonona, na sonona ilitangulia uoni mbaya. Hilo linaeleweka. Aliyekata tamaa haendi kliniki, hatii matone ya glakoma kwa wakati, haangalii sukari yake, na macho yanalipa. Ila tazama pingamizi hili linatupeleka wapi. Linasema tumpime mzee vyote viwili, macho na moyo. Halisemi tumwache alivyo.

La tatu ni la kiufundi, na mimi naliona gumu kuliko yote. Sonona hupimwa kwa maswali, na baadhi ya maswali huuliza kama umeacha shughuli ulizozipenda au unapendelea kukaa nyumbani. Mtu asiyeona atajibu ndiyo hata akiwa na moyo mkunjufu. Basi sehemu ya hiyo sonona inaweza kuwa ni upofu uliohesabiwa mara mbili. Nakubali kwamba linapunguza baadhi ya takwimu. Haliwezi kuzifuta, kwa sababu kuna tafiti ambazo hazikutegemea hojaji peke yake, zikatumia mahojiano kamili ya kutambua ugonjwa, nazo zilikuta sonona ipo. Tutaiona moja hivi punde. Tena, mzee ambaye ameacha kila alichokipenda anahitaji msaada hata kama jina la ugonjwa wake linabishaniwa.

"Wazee wa Ulaya wako peke yao, wetu wana familia"

Hili ndilo pingamizi linalosikika zaidi Afrika Mashariki, na ndilo lenye fahari. Nottingham na Alabama, watu husema, wazee hufungiwa kwenye nyumba za serikali. Kwetu kuna watoto, wajukuu, majirani. Familia ni kinga kweli dhidi ya njaa na dhidi ya kufa bila mtu kujua. Lakini kama hoja ya sura hii ni sahihi, familia haiwezi kuwa kinga dhidi ya kupokonywa kazi. Inaweza hata kuharakisha. Na tuna ushahidi wa hapa hapa. Utafiti uliofanyika Nakuru, Kenya, sambamba na Bangladesh na Ufilipino, ulihesabu jinsi watu wa miaka 50 na kuendelea walivyotumia saa zao. Wenye mtoto wa jicho walitumia muda mfupi zaidi kwenye shughuli za uzalishaji na za nyumbani, na muda mrefu zaidi wakiwa hawana wanalofanya, kuliko majirani wao wanaoona. Mwaka mmoja baada ya upasuaji walikuwa wamewafikia majirani hao, na waliohitaji kusaidiwa walipungua. Sehemu hiyo ya utafiti ilipima saa za siku, haikupima sonona. Hata hivyo inaonyesha kwamba mzee wa Nakuru, pamoja na familia yake yote, alikuwa amekalishwa chini, na kwamba alipopewa macho alisimama akafanya kazi.

Wengine huongeza: mama hajui kusoma, miwani ya nini? Aliyewahi kutoa mwiba kwenye kidole cha mtoto au kutofautisha noti ya elfu mbili na ya elfu kumi anajua jibu.

Macho yasiporudi

Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji usiochukua muda mrefu, kwa ganzi ya jicho tu, na lenzi bandia huwekwa mahali pa ile iliyoharibika. Hakuna matone yaliyothibitishwa kuyeyusha ukungu huo wa lenzi, ingawa yanauzwa. Lakini uoni ulioliwa na glakoma haurudi, na retina iliyochakaa kwa kawaida hairudi ilivyokuwa. Kwa wazee hao, je, sonona ni hukumu ya maisha?

Jaribio lililotangazwa nchini Marekani mwaka 2014 linajibu vizuri kuliko maneno matupu. Lilihusu wazee 188 wenye retina zilizochakaa, ambao dalili ndogo za sonona zilikuwa zimeanza. Wote walipimwa na kupewa vifaa vya kuwasaidia kutumia uoni uliobaki. Kisha nusu yao walitembelewa na mtu wa kuzungumza nao kwa upole na kuwafariji. Nusu nyingine walitembelewa na mtaalamu wa tiba kazi, yaani mtaalamu anayemfundisha mtu kurudia shughuli zake kwa njia mpya. Aliwauliza walikuwa wakipenda kufanya nini, akachagua nao jambo moja, wakaligawa katika hatua ndogo, akarekebisha taa na mpangilio wa nyumba hadi likawezekana. Baada ya miezi minne, asilimia 23.4 ya waliofarijiwa walikuwa wameingia kwenye sonona. Kwa waliorudishwa kwenye shughuli, asilimia 12.6. Macho ya makundi yote mawili yalikuwa mabovu vile vile. Naona hapa ndipo hoja inaposhinda, kwa kuwa sonona ilipungua karibu nusu bila uoni kurudi.

Jaribio la Uholanzi na Ubelgiji la mwaka 2015 liliongeza jingine. Watu 265 wenye miaka 50 na kuendelea na uoni hafifu walifuatiliwa miaka miwili, wakitambuliwa kwa mahojiano ya kitaalamu niliyoyataja. Waliopewa msaada wa hatua kwa hatua, kuanzia uangalizi tu hadi kufundishwa kutatua matatizo yao na daktari kuhusishwa ilipobidi, asilimia 29 walipata sonona au ugonjwa wa wasiwasi. Walioachwa na huduma za kawaida, asilimia 46.

Kwetu wataalamu wa tiba kazi ni wachache, lakini mengi wanayoyafanya hayahitaji cheti. Kamba ya kushika kutoka mlangoni hadi chooni. Kikombe cheusi kwa maziwa, cheupe kwa kahawa. Taa karibu na mkono, si juu ya dari. Noti zikunjwe kwa namna tofauti kila moja. Simu iwekwe maandishi makubwa au isome kwa sauti. Bao lichezwe kwa kupapasa, kete zinahesabika kwa vidole. Anayemsalimia ajitaje: "Shikamoo bibi, ni Asha wa mwalimu." Na akimwaga mafuta, yafutwe, apewe chupa tena.

Pa kuanzia

Mpeleke mzee akapimwe macho ukiona mambo haya, hata kama yeye hajalalamika:

- hawatambui watu mpaka waseme;
- ameacha kusoma, kushona, au kuchambua nafaka;
- anasita kwenye ngazi, anagonga milango, au haendi popote jua likizama;
- anaona vitu ambavyo wengine hawavioni;
- hana hamu ya kitu, na hali hiyo imepita wiki mbili.

Miwani ya kusomea inayouzwa tayari inafaa kwa wengi wasioona karibu, lakini isichukue nafasi ya uchunguzi, kwa kuwa glakoma hainunuliwi dawa dukani na haimpigii mtu hodi. Mwenye ndugu wa damu aliyekuwa na glakoma asisubiri dalili. Mwambie anayempima kwamba mzee amebadilika tabia. Bila kuambiwa hatauliza. Vilevile, ukimpeleka kwa sababu ya usingizi au maumivu yasiyoisha, omba na macho yaangaliwe. Mzee anayesema afadhali afe apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tanzania, sera ya taifa ya wazee na taratibu za msamaha zinampa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Utekelezaji unasuasua, na ndiyo maana familia iende na kitambulisho cha mzee na idai msamaha huo kwa sauti.

Na kabla hata ya siku ya kliniki kufika, mrudishieni kazi moja mliyomwondolea. Muulizeni yeye aichague.